Kozi Mnayoicheka Ina Damu ya Watu wa Ziwa

Mtu yeyote aliyesoma biolojia na biokemia chuoni anajua maswali yanayomngoja, tena huja kwa mpangilio ule ule. La kwanza: "Kwa hivyo wewe ni daktari?" Ukisema hapana, linakuja la pili: "Sasa hiyo ni ya kufanya kazi gani?" Mjomba wangu ana la tatu, ambalo hulitoa akishashiba: kwa nini nilisoma vitu viwili nusu nusu badala ya kimoja kizima.

Hayo mawili ya kwanza nimeyazoea. La kazi nitalijibu huko mbele, na sitawadanganya. Lakini la mjomba linanikera, kwa sababu najua wengi mnaamini hivyo hata kama hamsemi: kwamba shahada ya biolojia na biokemia ni ya mtu aliyekosa alama za udaktari akapewa mabaki ya kozi mbili. Mimi nasema hivi. Hizo kozi hazikuunganishwa na karani wa chuo. Ziliunganishwa na magonjwa na njaa, na sehemu kubwa ya historia hiyo ilipita hapa kwetu, kwa damu na mashamba ya watu wa ziwa hili, kuanzia Kisumu kuteremka Asembo na kuvuka ghuba mpaka Mbita.

Shule ya upili tulifundishwa kuzitenganisha. Kwenye KCSE biolojia ni 231, kemia ni 233, na katikati pale kuna fizikia, 232, imesimama kama ukuta. Kwenye biolojia unachora panzi na kupasua ua. Kwenye kemia unadondosha asidi kwenye chupa mpaka rangi ibadilike. Hakuna anayekwambia kwamba yule panzi ndani yake ni kemia tupu, wala kwamba ile kemia inaweza kuamua mtoto gani wa Siaya atafikisha miaka 5.

Chukua selimundu. Huku kwetu wengi tunasema tu sikoseli, hata wazee. Chembe nyekundu za damu, ambazo zinafaa kuwa duara na laini, zinajikunja kama mundu wa kukatia nyasi. Zikijikunja zinakwama kwenye mishipa midogo, na pale zilipokwama ndipo maumivu yanaanza: mifupa, mgongo, vidole vya mtoto kuvimba. Zinakufa mapema pia, kwa hivyo mtoto anapungukiwa na damu na macho yanageuka manjano. Kama unatoka Siaya, Homa Bay, Busia au Kisumu na humjui mtu hata mmoja mwenye ugonjwa huu, basi hujauliza vizuri.

Dani yangu wa Asembo hakusoma biolojia yoyote, lakini anaweka kumbukumbu kuliko ofisi nyingi. Ukimuuliza kuhusu boma fulani anaanza na majina ya watoto. Kwa Wajaluo, mama akizaa na watoto wakafa mfululizo, anayefuata alikuwa "anatupwa" kwa desturi, halafu anaokotwa, na jina lake linakuwa Owiti akiwa mvulana, Awiti akiwa msichana. Ni kama kuyadanganya mauti kwamba huyu hana mwenyewe, achaneni naye. Siku moja tulikaa naye tukahesabu akina Owiti na Awiti wa ukoo wetu peke yake, tukafika saba. Si kwamba wote waliotangulia walikufa kwa sikoseli. Malaria ilikuwepo, surua ilikuwepo, kuharisha kulikuwepo. Wengine walisema ni chira. Lakini dani aliniambia kitu ambacho sikukipata darasani: "Nyakwara, kuna mtoto alikuwa analia mifupa, halafu macho yanakuwa ya manjano. Huyo tulijua ni wa kuondoka. Hatukujua tu ni nini."

Kitu hicho kilianza kujulikana 1949, na kilishikwa na watu wa sehemu tofauti za dunia, kila mmoja akishika upande wake.

Wa kwanza alikuwa Linus Pauling, mwanakemia, huko California. Yeye na wenzake, Harvey Itano, S. J. Singer na Ibert Wells, walichukua himoglobini, ile protini nyekundu inayobeba oksijeni ndani ya damu, wakaipitisha kwenye umeme. Himoglobini ya mtu mzima wa afya ilisogea kivyake, ya mgonjwa wa sikoseli ikasogea kivyake, na ya mtu aliyerithi upande mmoja tu ikaonyesha mchanganyiko wa zote mbili. Maana yake ni kwamba ugonjwa haukuwa kwenye uboho wala kwenye wengu. Ulikuwa ndani ya protini yenyewe. Wakauita ugonjwa wa molekuli, na kwa kichwa hicho cha makala mlango mpya ukafunguka katika sayansi ya tiba.

Upande wa pili ulikuwa jirani hapa Makerere. Hermann Lehmann, mwanabiokemia, pamoja na daktari Alan Raper, walipima damu za watu wa makabila mbalimbali ya Uganda na kuchapisha matokeo mwaka huo huo. Waliona kwamba sifa ya sikoseli ni nyingi kwa watu fulani na chache kwa wengine, wakaichukua kama alama ya historia ya makabila: nani alitoka wapi, nani alichanganyika na nani.

Wa tatu alikuwa kijana wa miaka 24 hivi, Anthony Allison. Alizaliwa Afrika Kusini akalelewa Kenya, kwenye shamba la wazazi wake upande wa Gilgil, kisha akaenda kusoma Oxford. Mwaka 1949 alirudi na msafara wa chuo chake uliokuwa unakwenda Mlima Kenya. Msafara ulikuwa na mambo yake ya mimea na wanyama wa mlimani. Yeye akawa anachukua damu za watu. Njia ya kupima ilikuwa rahisi sana: ukifungia tone la damu chini ya kioo mpaka oksijeni iishe, chembe zenye sifa ile zinajikunja, unaziona kwa hadubini.

Alichokiona ni ramani. Pwani, na huku kwetu karibu na Ziwa Victoria, watu wenye sifa hiyo walizidi 20 kwa kila 100. Nyanda za juu na sehemu kavu, hawakufika hata 1.

Hapa nataka tukae kidogo, kwa sababu ndipo kijana yule aliwapita wakubwa wake. Sisi Wakenya tunajua kusoma kila kitu kwa kabila, kuanzia kura mpaka nani atapewa tenda ya kuchimba mtaro, na wakoloni walikuwa hivyo hivyo au zaidi. Ungetarajia Allison aseme hii ni damu ya kabila fulani. Lakini ramani ilikataa. Wajaluo na Waluhya lugha zao hazina undugu wowote, mmoja ni Mnilo na mwingine Mbantu, ila wote wanaoishi karibu na ziwa walikuwa na sifa hiyo kwa wingi. Wakikuyu ni Wabantu kama Waluhya, lakini kwao ilikuwa karibu haipo. Mijikenda wa pwani, walio mbali kabisa na ziwa, walikuwa nayo. Sasa Mgiriama wa Kilifi na Mjaluo wa Asembo wana nini cha pamoja ambacho Mkikuyu wa Nyeri hana?

Mbu.

Allison alifikiria kwamba sifa hii inamkinga mtu na malaria. Lakini 1949 alikuwa bado mwanafunzi, na wazo tu halitoshi. Alimaliza udaktari wake kwanza, akarudi 1953.

Yaliyofuata yalifanyika Nairobi, kwa Wajaluo. Alipata wanaume 30, watu wazima waliokuwa wamekaa Nairobi muda mrefu mbali na malaria ya nyumbani. Kumi na tano walikuwa na sifa ya sikoseli, kumi na tano hawakuwa nayo. Wote wakaambukizwa malaria kwa makusudi. Kati ya wale 15 wasio na sifa, vimelea vilishika kwa 14. Kati ya wale 15 wenye sifa, vilishika kwa 2 tu. Alikuwa pia amepima watoto wadogo wa Uganda na kuona mwelekeo huo huo: wenye sifa walikuwa na vimelea vichache zaidi. Makala ikatoka kwenye jarida la madaktari wa Uingereza Februari 1954, na leo iko katika vitabu vya biolojia dunia nzima kama mfano wa kwanza ulio wazi wa uteuzi asilia kwa binadamu. Mwanafunzi wa Tokyo anafanyia mtihani.

Mimi nilipoisoma mara ya kwanza, mwaka wa pili, sikufurahi. Nilihesabu miaka. Ilikuwa 1953, hali ya hatari, Nairobi imejaa askari na vizuizi, Mwafrika anatembea na kipande. Mtu wa kazi za mkono kutoka Nyanza anaulizwa na daktari mzungu kama atakubali kuugua kidogo. Anaweza kusema hapana kwa kiasi gani? Leo jaribio kama hilo haliwezi kuanza Kenya bila kamati ya maadili kulipitia na mshiriki kuelezwa kwa lugha anayoielewa, na hata hivyo tunabishana. Sisemi Allison alikuwa mtu mbaya, na sisemi matokeo yatupwe. Nasema vitabu vya kozi yetu vinamtaja yeye kwa jina, na wale 30 vinawataja kwa kabila na idadi. Hao walikuwa baba za watu. Inawezekana kabisa wajukuu wao wamekaa darasani wakinakili ile hesabu, 14 kwa 15, 2 kwa 15, bila kujua ni babu.

Turudi kwenye sayansi. Ukirithi jeni ya sikoseli kutoka kwa mzazi mmoja, wewe ni mbebaji: unaishi vizuri, na malaria kali inakukwepa. Ukiirithi kutoka kwa wazazi wote wawili, una ugonjwa. Wabebaji wawili wakizaa, kila mimba ina nafasi 1 kati ya 4 ya kuwa na mtoto mgonjwa, 2 kati ya 4 ya kuwa na mbebaji, na 1 kati ya 4 ya kuwa na mtoto asiye na jeni hiyo kabisa. Kwa hivyo ziwa lilikuwa linatoza pande zote mbili. Asiye na jeni anachukuliwa na malaria, mwenye mbili anachukuliwa na sikoseli, na anayebaki katikati ndiye anaendeleza ukoo. Akina Owiti wa dani wanaanza kuwa na maelezo.

Lakini jeni hiyo inafanya nini hasa? Hapo ramani ya Allison inanyamaza, inabidi urudi kwa wanakemia. Mwaka 1956 Vernon Ingram, akiwa Cambridge, aliikata himoglobini vipande vidogo na kulinganisha ya mzima na ya mgonjwa, kipande kwa kipande. Vyote vilifanana isipokuwa kimoja. Protini ni kama mkufu wa shanga, na kila ushanga ni asidi amino. Mnyororo wa beta wa himoglobini una shanga 146. Mgonjwa ametofautiana kwa ushanga mmoja, wa sita: penye asidi ya glutamiki pamekaa valini. Basi. Glutamiki inapenda maji, valini inayakimbia kama mafuta, kwa hivyo oksijeni ikiondoka zile himoglobini zinatafutana na kushikana, zinajipanga kuwa fimbo ndefu ndani ya chembe, na fimbo ndizo zinaikunja chembe kuwa mundu.

Ushanga mmoja katika 146. Hicho ndicho dani alikuwa anakiona machoni mwa watoto.

Sasa mjomba, sikiliza. Pauling na Ingram, na kemia yao yote, wasingeweza kukwambia kwa nini kitu kinachoua watoto kimeendelea kuwepo kwa maelfu ya miaka badala ya kufa pamoja nao. Kwa kemia peke yake ni ajali isiyo na maana. Allison naye, na ramani yake, asingeweza kukwambia ni kitu gani kilichobadilika ndani ya damu, kwa hivyo asingeweza kukwambia dawa ilenge wapi. Aliyejua upande mmoja alikwama mlangoni. Jibu lilipatikana pale mbu wa ziwani na ushanga wa sita vilipowekwa kwenye sentensi moja, na kozi yangu ni hiyo sentensi. Hakuna nusu hapo.

Na kazi haikuishia Nairobi 1953. Ukitoka Kisumu kuelekea Busia, kabla barabara ya Bondo haijachepuka, unafika Kisian, penye kituo cha utafiti cha KEMRI. KEMRI iliundwa kwa sheria mwaka 1979, na ushirikiano wake na CDC ya Marekani huku Nyanza ulianza mwaka huo huo. Miaka ya 1990 watafiti wake walifuatilia mamia ya watoto wa Asembo tangu kuzaliwa, kijiji kwa kijiji. Mwaka 2002 matokeo yalitoka kwenye jarida la Lancet: mtoto mbebaji wa jeni ya sikoseli alikuwa na kinga ya karibu 60% dhidi ya kifo cha aina yoyote, na sehemu kubwa ya kinga hiyo ilikuwa kati ya mwezi wa 2 na wa 16, kabla mwili haujajifunza kupigana na malaria wenyewe. Allison alikuwa ameonyesha vimelea kwa watu wazima mjini. Asembo ilionyesha maisha na mauti ya watoto, nyumbani kwao. Na tofauti nyingine ambayo kwangu ni kubwa: wengi waliopita nyumba kwa nyumba na waliosimama kwenye hadubini walikuwa watu wa huku.

Chanjo ya malaria ya RTS,S nayo ilijaribiwa Siaya na Kombewa, kati ya vituo 11 vya nchi 7 za Afrika, na Septemba 2019 Kenya iliianza rasmi Homa Bay. Ndani ya chanjo hiyo kuna kipande cha protini ya kimelea kilichounganishwa na protini ya virusi vya homa ya ini B. Unaona ni 231 au 233?

Najua mtasema nimeng'ang'ania damu na malaria. Sawa, twende shambani, kwa sababu kuna mzee mmoja ambaye kama nchi hii ingekuwa na haki angekuwa kwenye noti. Thomas Risley Odhiambo alizaliwa Mombasa 1931, akasoma Maseno, akaenda Makerere, akafanya kazi ya kilimo Uganda, kisha Cambridge, ambako alipata uzamivu kwa kusoma wadudu. Mwaka 1967 aliandika makala kwenye jarida la Science akieleza sayansi ya maendeleo ya Afrika Mashariki ifananeje. Hakusubiri waisome. Mwaka 1970 alianzisha ICIPE, kituo cha kimataifa cha fiziolojia na ekolojia ya wadudu. Liangalie hilo jina. Fiziolojia ni mdudu kwa ndani. Ekolojia ni mdudu na dunia yake. Odhiambo hakukubali kuchagua moja.

Kituo chake cha ziwani kiko Mbita, ng'ambo ya kisiwa cha Rusinga, na leo kina jina lake. Hapo miaka ya 1990, Zeyaur Khan na wenzake, wakishirikiana na Rothamsted ya Uingereza, walikuwa wanapambana na funza wanaotoboa mabua ya mahindi. Wakapanda desmodiamu katikati ya mistari ya mahindi kwa sababu harufu yake inamfukuza nondo anayetaga mayai, na nyasi za mabingobingo pembeni kwa sababu harufu yake inamvuta. Wanaita sukuma-vuta. Ilifanya kazi, lakini wakaona na jingine ambalo hawakulitafuta: kayongo ikapotea.

Kama hujakulia huku, kayongo ni gugu lenye maua mazuri ya zambarau ambalo halijitafutii chakula. Linajishikiza kwenye mizizi ya mahindi chini ya ardhi na kunyonya. Unapalilia unachoona juu, kumbe mahindi yalishanyonywa kabla halijatokeza. Mbegu zake ni ndogo kama vumbi na zinakaa udongoni miaka mingi. Wazee walihama shamba kwa sababu yake.

Ikabidi wanakemia waulizwe mizizi ya desmodiamu inafanya nini. Wakakuta inatoa kemikali ardhini: baadhi zinaziamsha mbegu za kayongo zichipue, nyingine zinazizuia zisiweze kushika mzizi wa mahindi. Kwa hivyo kayongo inaota, inakosa pa kunyonya, inakufa. Akiba ya mbegu udongoni inapungua msimu kwa msimu. Mkulima wa Mbita hahitaji kujua majina ya kemikali hizo, lakini bila mtu wa kuchunguza mzizi kwa kemia na mwingine wa kuhesabu magugu kwenye mistari, lingebaki ajabu ya shamba moja. Mimi nikipita upande ule na kuona mabingobingo yamezunguka mahindi, huwa nahisi kama nimeona cheti changu kimepandwa. Mnicheke tu.

Odhiambo alilazimika kwenda Kampala na Uingereza kusoma, kwa sababu huku hapakuwa na pa kusomea. Mpaka 1990 Nyanza haikuwa na chuo kikuu cha umma. Mwaka huo chuo cha walimu cha Siriba na taasisi ya serikali ya mafunzo ya Maseno viliunganishwa kuwa chuo kishiriki cha Moi, na 2001 Maseno ikawa chuo kikuu kamili. Bondo ikafuata 2009 kama chuo kishiriki, na 2013 ikapata hati yake kwa jina la Jaramogi Oginga Odinga. Kwa hivyo mtoto wa Asembo anayesoma protini na mbu bila kuvuka hata ghuba ni jambo jipya kabisa. Lina umri wa kizazi kimoja. Wale 30 walipeleka damu yao Nairobi. Sisi tulikuwa wa kwanza kukaa nyumbani na kuisoma.

Basi, la kazi. Kenya ina sheria ya 1999 ya mafundi na wanateknolojia wa maabara za tiba. Kufanya kazi katika maabara ya hospitali unahitaji usajili wa bodi iliyoundwa na sheria hiyo, na shahada ya biolojia na biokemia peke yake haikupi usajili huo. Naielewa sababu yake. Maabara ya hospitali si mahali pa kujifunzia, na wenzetu waliosomea maabara ya tiba wanafundishwa mambo ya wadi ambayo sisi hatufundishwi. Sitaki kazi ya mtu. Lakini matokeo yake ni kwamba mtu aliyetumia miaka minne akitenganisha protini kwa umeme anamaliza chuo na kwenda kuuza kadi za simu Kondele, au kufundisha shule ya binafsi bila mkataba, au kufungua ukurasa kama huu. Utafiti una nafasi, ila nyingi ni za mradi. Ufadhili ukiisha unaenda nyumbani na begi lako. Na hatuongei juu ya hilo, tunaongea juu ya "vijana wachague kozi zenye soko".

Soko liko wapi? Hebu tuangalie sikoseli tena. Makadirio yanayotumika sana ni kwamba zaidi ya nusu ya watoto wa Afrika wanaozaliwa nayo hufa kabla ya miaka 5, wengi bila hata kupimwa. Wakijulikana mapema, vitu vinavyowaokoa si vya ajabu: dawa ya kuzuia maambukizi, chanjo, kinga ya malaria, mama kufundishwa kupapasa wengu. Kuna dawa ya haidroksiyurea inayoufanya mwili utengeneze tena himoglobini ya kitoto, ile isiyojikunja. Utafiti uliochapishwa 2019, uliofanyika Kilifi, Mbale, Kinshasa na Luanda, ulionyesha inafanya kazi kwa watoto wetu pia: maumivu yalipungua, malaria ilipungua, vifo vilipungua. Hiyo dawa ni ya zamani na si ya matajiri peke yao. Tofauti na tiba ya kuhariri jeni iliyoidhinishwa London Novemba 2023, ambayo Marekani iliwekewa bei ya dola milioni 2.2. Hizo ni zaidi ya shilingi milioni 250 kwa mtu mmoja. Na hiyo nayo imejengwa juu ya ushanga wa sita na himoglobini ya kitoto.

Ila mtoto hawezi kupewa dawa kama hajulikani. Kumjua ni tone la damu ya kisigino kwenye karatasi, siku za kwanza za maisha, na mtu wa kutenganisha himoglobini na kusoma mistari. Kwa kaunti zote za ziwani, kila mtoto, kila hospitali ya uzazi, hiyo ni kazi ya watu wengi. Waliosajiliwa na bodi watoe majibu na kuyatia sahihi, hakuna shida. Sisi tupewe nafasi ya kuendesha mashine, kuhifadhi sampuli, kufuatilia takwimu, kwenda kijijini kumweleza mama maana ya AS na SS kwa Kijaluo na Kiluhya, kwa sababu tunazijua lugha zote, ya kijiji na ya molekuli. Kaunti zina bajeti za afya na zina vijana waliosoma kitu hiki hiki.

Mimi nilipeleka barua hospitali tatu nikiomba kujitolea tu, bila mshahara, kwenye kliniki za sikoseli. Mbili hazikujibu. Ya tatu aliyepokea barua aliisoma mbele yangu, akanitazama, akauliza: "Kwa hivyo wewe ni daktari?"